Laptopu ya steshenari imehamia Linux Mint: programu zipi za bure ziwekwe kwanza?

#1 Mwanakarakana
Heshima kwenu wakuu. Mashine ni HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, SSD GB 256. Windows 11 haiikubali prosesa hiyo, na Windows 10 imeachwa na Microsoft tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Diski imefutwa yote, sasa kuna Linux Mint 22 Cinnamon peke yake.

Kazi za dukani ni kuchapa barua na CV, kuprinti faili za wateja zinazoletwa kwa flashi na WhatsApp, picha za pasipoti, kadi za harusi na za michango, na kuskani vyeti kisha kuvipunguza ukubwa kwa maombi ya mtandaoni. Printa ni mbili: Epson L3110 na HP LaserJet P1102. Bando ni dogo, hivyo nataka vile vinavyohitajika tu.

Na kuna jambo moja linasumbua kuliko yote: CV ya mteja ina kurasa 2 kwenye Word, ikifunguliwa na LibreOffice inakuwa kurasa 3. Sababu ni nini?

#2 Kitasa
Karibu mkuu. Kwanza tazama kilichokuja na mfumo wenyewe, maana watu wengi hupakua kitu ambacho tayari wanacho. Mint inakuja na Firefox, Thunderbird, LibreOffice, programu ya kuskani (kwenye menyu inaitwa Document Scanner), Transmission, Timeshift ya kurudisha mfumo ulivyokuwa, na Warpinator ya kurushiana faili kati ya mashine za mtandao mmoja.

Mpangilio wangu:
Fungua Software Sources, bonyeza mstari wa Main, iache ipime kasi ya seva, chagua iliyo juu. Rudia kwenye mstari wa Base. Kisha Update Manager, sasisha vyote, washa upya. Kisha Timeshift, piga nakala ya kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Halafu amri moja tu kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

`sudo apt install mint-meta-codecs gimp inkscape pdfarranger xournalpp imagemagick ocrmypdf tesseract-ocr-swa vlc keepassxc`

Hiyo inafunika karibu kazi zako zote. Angalizo: Timeshift kwa kawaida haigusi faili zilizo kwenye folda yako ya Home. Kazi za wateja zinahitaji nakala yake kwenye diski ya nje, tumia Déjà Dup.

#3 HesabuZaBando
Naunga mkono #2 kutumia apt (kiwekaji programu cha mfumo wenyewe). Kwa mwenye bando dogo hapo ndipo pesa inapookolewa. Ukifungua Software Manager, programu nyingi zina sura mbili, ya mfumo na ya Flatpak (kifurushi kinachojitegemea nje ya apt). Ukichagua Flatpak kwa mara ya kwanza inavuta pamoja nayo mazingira yake ya kuendeshea, na programu ya MB 100 inaweza kukuta inaomba MB 700 au zaidi. Flatpak ya pili ikitumia mazingira yaleyale inakuwa nafuu, ikitaka mengine unalipa tena. Kabla ya kukubali soma ile orodha inayoonyesha ukubwa.

Ukiwa na mashine mbili dukani usipakue mara mbili. Kwenye ya kwanza, kabla hujaweka chochote:

`sudo apt install --download-only gimp inkscape`

Faili za .deb (vifurushi vya programu) zinakaa /var/cache/apt/archives. Zinakili kwenye flashi, nenda mashine ya pili yenye Mint ya toleo lilelile, fungua terminali ndani ya folda hiyo, andika `sudo apt install ./*.deb`. Toleo likitofautiana itagoma au itataka intaneti, hivyo hakikisha zote ni 22.

#4 Mtambuzi_wa_Fonti
CV kurefuka: fonti. Word ilitumia Calibri kama fonti yake ya kawaida tangu 2007, na Calibri haiji na Linux. Kuna Carlito, imetengenezwa herufi zake ziwe na upana uleule wa Calibri, mistari inavunjika mahali palepale. Caladea inafanya hivyo kwa Cambria. Familia ya Liberation inafanya hivyo kwa Arial, Times New Roman na Courier New.

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Kisha pima: `fc-match Calibri`. Jibu likiwa Carlito-Regular.ttf uko salama. Likija DejaVu Sans, umepata mchawi wako, kwa sababu DejaVu ina herufi pana na mistari itamwagikia ukurasa unaofuata.

#5 Nyuki77
Kwa uzoefu wa madukani ni karatasi, fonti zinasingiziwa. Wateja wengi wana Word iliyowekwa Marekani, karatasi ni Letter, 216 × 279 mm. Wewe uko A4, 210 × 297. Upana unapungua, mistari inavunjika mapema, ukurasa wa tatu unazaliwa.

#6 Kitasa
@Nyuki77 ukubwa wa karatasi unaandikwa ndani ya docx yenyewe. LibreOffice ikiifungua inaheshimu Letter ileile, haibadilishi kuwa A4 kwa kuifungua tu. Tena Letter ni fupi kwa mm 18, kwa hiyo ukiihamishia A4 unapata nafasi zaidi ya wima. Kinachotokea kwa Letter ni wakati wa kuprinti: printa inapunguza au inakata pembeni. Angalia Format > Page Style > Page.

#7 Nyuki77
@Kitasa hapo kwenye kufungua nimekuelewa. Ila mtu akibadilisha kuwa A4 mwenyewe kabla ya kuprinti, huku pembeni pameachwa inchi 1, upana wa maandishi unapungua mm 6. Kwenye CV yenye jedwali la safu mbili, mm 6 zinatosha kuvunja mistari mingi. Siifuti hoja yangu.

#8 DadaPrinti
Nyie endeleeni na CV, mimi niko kwenye printa.

Epson L3110: chomeka USB, draiva ya ESC/P-R (printer-driver-escpr) kwa kawaida ipo tayari, printa inajiongeza yenyewe. Kama haikujiongeza, fungua Printers, Add, chagua L3110 Series. Uskanaji ni habari nyingine. Document Scanner isipoiona, pakua Epson Scan 2 ya Linux kutoka tovuti ya Epson, faili ya .deb ya biti 64. Kusafisha vichwa hakuko ndani ya draiva hii. Shikilia kitufe cha kusimamisha kwa sekunde 5 mpaka taa ya umeme ianze kumetameta, kisha achilia. Usirudie mfululizo, wino mwingi unaishia kwenye sponji ya taka.

HP P1102: hii inataka kipande cha ziada ambacho si cha chanzo wazi. HPLIP (draiva za HP) ipo tayari kwenye Mint, ila lazima uendeshe:

`hp-plugin`
`hp-setup`

Bila ya kwanza, printa inaonekana kwenye orodha, kazi inaingia, karatasi haitoki. Wengi wanaishia kusema printa imekufa. Kipande hicho lazima kilingane na toleo la HPLIP, kwa hiyo baada ya sasisho kubwa la mfumo kama printa itanyamaza, rudia `hp-plugin` kabla hujaita fundi.

Na mwenye kupanga kununua printa nyingine: epuka Canon LBP2900 kwa Linux. Inatumia lugha ya CAPT, draiva ya Canon ni ya zamani na inategemea maktaba za biti 32.

#9 Mwanakarakana
Shukrani. P1102 imeanza kutoa karatasi baada ya `hp-plugin`. @Mtambuzi_wa_Fonti, `fc-match Calibri` inajibu Carlito-Regular.ttf, na CV bado kurasa 3.

#10 Mtambuzi_wa_Fonti
Basi CV hiyo si ya Calibri. Microsoft 365 sasa inaanza na Aptos, si Calibri tena. Jaribu `fc-match Aptos`. Ndani ya Writer pia bonyeza kwenye maandishi uangalie kisanduku cha jina la fonti: jina likiwa limelala kiitaliki, fonti hiyo haipo kwenye mashine na unachokiona ni mbadala.

#11 Pwani_Tulivu
Assalaam alaykum nyote. Kuna sababu ya tatu haijatajwa. Word kuanzia 2013, kwenye aya zilizonyooshwa pande zote mbili, hubana kidogo nafasi kati ya maneno ili neno la mwisho liingie mstarini. LibreOffice kwa miaka mingi ilikuwa inatanua tu, haibani. Kwa hiyo hata fonti ikiwa sawasawa, aya ndefu inaweza kuongeza mstari mmoja, na mistari kumi ya namna hiyo ni robo ya ukurasa. Matoleo ya karibuni ya LibreOffice yameanza kuiga tabia ya Word. Ya apt kwenye Mint 22 ni 24.2. Ukitaka mpya zaidi ndiyo hapo Flatpak inapokuwa na haki yake, mwenye bando anisamehe.

Jaribio jepesi: teua aya zote, bonyeza Ctrl+L zinyooke kushoto tu. Kurasa zikirudi 2, sababu umeiona.

#12 HesabuZaBando
@Pwani_Tulivu nakusamehe sheikh, ila mwambie pia kwamba si kila Flatpak inaona flashi. Nyingine zimefungiwa kwenye folda ya Home, mteja anasimama kaunta na flashi yake haionekani kwenye dirisha la kufungua faili. Dawa:

`flatpak override --user --filesystem=/media jina.la.programu`

Au weka Flatseal ukabonyeze kwa kipanya.

#13 Kijani_Kibichi
Suluhisho la CV ni kuacha kupigana na LibreOffice. Weka ONLYOFFICE Desktop Editors, ni ya chanzo wazi (AGPL), inatumia docx kama muundo wake wa asili na mpangilio unakaa karibu zaidi na Word. LibreOffice ibaki kwa kazi unazozianzisha mwenyewe, na kwa faili za zamani za .doc.

WPS Office ni bure nayo ila chanzo chake kimefungwa. Kwa mashine inayobeba vyeti na namba za vitambulisho vya watu, mimi siiweki.

#14 Mtambuzi_wa_Fonti
@Kijani_Kibichi ONLYOFFICE nayo haina Aptos mfukoni. Fonti ikikosekana itaweka mbadala vilevile. Inasaidia kwenye majedwali na visanduku vya maandishi, hapo nakubali. Kwenye fonti haina miujiza.

#15 Rula_na_Mkasi
Picha za pasipoti, kwa kuwa ndizo zinaleta hela kila siku na hakuna aliyezigusa.

Ukubwa unaotakiwa mara nyingi ni 35 × 45 mm. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli 413 × 531. Viza ya Marekani ni inchi 2 × 2, yaani pikseli 600 × 600. Uliza fomu ya mteja ni ya wapi kabla hujakata.

Kwenye GIMP: Shift+C kupata kifaa cha kukata, weka tiki kwenye Fixed, chagua Aspect ratio, andika 7:9. Vuta boksi, uso ukae katikati, utosini pabaki nafasi, bonyeza Enter. Kisha Image > Scale Image, 413 × 531, na hapohapo X na Y resolution andika 300. Ctrl+Shift+E, hifadhi picha.jpg.

Kupanga nyingi kwenye karatasi moja usifanye kwa mkono. Karatasi ya 4R ni 102 × 152 mm. Ukiilaza inabeba 4 kwa mlalo na 2 kwa wima, jumla 8:

`convert picha.jpg -duplicate 7 miff:- | montage - -tile 4x2 -geometry 413x531+12+12 -units PixelsPerInch -density 300 karatasi.jpg`

Ile +12+12 ni pikseli 12 kila upande wa picha, yaani mm 1, hivyo kati ya picha na picha panabaki mm 2 za mkasi kupita. Karatasi nzima inatoka 148 × 94 mm, inaingia ndani ya 4R na kuacha ukingo ambao printa haiwezi kuufikia. Kwa A4 badilisha iwe `-duplicate 29` na `-tile 5x6`, unapata picha 30.

Kinachoharibu: usipokata kwa 7:9 kwanza, amri hii haivuti picha, inaacha utepe mtupu pembeni na vipimo vinakuwa pungufu.

#16 DadaPrinti
Nyongeza kwa #15, maana hapa ndipo picha 35 × 45 inatoka 33 × 42 na mteja anarudishwa kwenye ofisi. Usiprinti kutoka kwenye programu yenye kupachika picha ijae ukurasa. Printi kutoka GIMP: File > Print, kichupo cha Image Settings, hakikisha upana unasoma mm 148 na resolution 300. Karatasi chagua 4R au 10 × 15, aina ya karatasi chagua ya picha, ubora wa juu. Ukiacha aina ya karatasi kwenye "Plain", L3110 inamwaga wino kwa hesabu ya karatasi ya kawaida, rangi ya ngozi inakuwa ya kijivu. Shika rula, pima ya kwanza kabla ya kuendelea.

#17 Kijani_Kibichi
@Rula_na_Mkasi hiyo amri iwekwe kwenye faili iitwe `pasipoti.sh`, vijana wa dukani wasiandike kila mara.

GIMP ya apt kwenye Mint 22 ni 2.10. GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025, inapatikana Flathub, ghala la Flatpak. Kwa kukata pasipoti 2.10 inatosha kabisa. Ukianza mabango yenye vichujio vingi ndipo 3 inafaa, kwa sababu vichujio vyake vinaweza kurekebishwa baadaye bila kuharibu tabaka.

#18 Mama_Kadi
Kadi za harusi na michango: wateja wengi wanaleta .pub za Publisher. LibreOffice Draw inafungua .pub, na pia .cdr za CorelDRAW. Usitegemee sura kamili, vivuli na maandishi ya kupinda vinapotea. Chukua maandishi na picha, jenga upya kwenye Inkscape au Scribus. Inafaa kuanza kuhama mapema, kwa sababu Microsoft yenyewe imetangaza kuiondoa Publisher Oktoba 2026.

Majina ya waalikwa usiyachape moja moja. Andika orodha kwenye Calc, mstari wa kwanza uwe na vichwa: Jina, Meza, Ahadi. Hifadhi .ods. Kwenye Writer: Insert > Field > More Fields > Database, vinjari mpaka kwenye .ods hiyo, weka jina la safu mahali pake kwenye kadi. Kisha Tools > Mail Merge Wizard, au File > Print moja kwa moja, itauliza kama unataka kuprinti barua ya fomu, jibu ndiyo. Kosa la kawaida ni kuihamisha .ods kwenye folda nyingine baadaye. Kiungo kinakatika na kadi zinatoka bila majina.

#19 Kitasa
@Mama_Kadi safi. Kadi ikikamilika toa PDF halafu endesha `pdffonts kadi.pdf`. Safu ya "emb" iwe "yes" kwa kila fonti, la sivyo kwenye duka la uchapishaji la mjini itatoka na mwandiko mwingine.

#20 Saa_Tatu_Kasoro
Flashi za wateja. Kwenye Windows mnajua ile ya folda zote kugeuka shortcut. Kwenye Mint utaona vitu vyote: faili halisi za mteja, ambazo kirusi kimeziwekea alama ya kufichwa, pamoja na takataka za .lnk, .vbs na autorun.inf. Kirusi hicho hakiendeshi kitu kwenye mashine yako. Lakini ukifuta .lnk tu na kurudisha flashi, mteja akifika nyumbani ataona flashi tupu, kwa sababu ile alama ya kufichwa bado ipo. Nakili faili zake zote kwenye folda ya muda, fomati flashi kwa programu ya USB Stick Formatter, rudisha faili. Zikiandikwa upya kutoka Linux alama zile hazirudi.

Flashi ya NTFS iliyochomolewa vibaya inaweza kukataa kufunguka. Tafuta jina lake kwa `lsblk`, kisha `sudo ntfsfix -d /dev/sdb1`, ukibadilisha sdb1 iwe ya kwako.

La mwisho na muhimu: mstari wa kunakili ukifika mwisho data inaweza kuwa bado iko kwenye RAM. Bonyeza Eject, subiri ujumbe kwamba unaweza kuchomoa. Bila hivyo mteja anaondoka na PDF isiyofunguka.

#21 Nyuki77
@Saa_Tatu_Kasoro na ClamAV je? Mashine ya steshenari bila antivirusi mimi siielewi.

#22 Saa_Tatu_Kasoro
ClamAV inafaa kuchunguza flashi kabla ya kuirudisha kwa mwenye Windows: `clamscan -r -i /media`. Ila hifadhidata yake ya kwanza ni nzito kwa bando dogo na ikichunguza inakula RAM nyingi. Kwa GB 8 inabebeka. Usiiache iendeshe nyuma muda wote.

#23 Kitasa
Mimi naona hatari kubwa ya steshenari iko kwa wateja wanaoacha barua pepe zao wazi. Fungua Login Window, kichupo cha Users, washa "Allow guest sessions". Mteja anayetaka kujaza fomu mwenyewe anaingia kama mgeni. Akitoka, folda yake yote inafutwa pamoja na manenosiri ya kivinjari. Nywila za duka zikae KeePassXC, zisihifadhiwe kwenye Firefox.

#24 Pwani_Tulivu
Vyeti kwa maombi ya mtandaoni. Wengi wanaskani kwa nukta 600 kisha wanahangaika kupunguza. Anza na 150 kwa maandishi. Document Scanner ina hali ya "Text" na ya "Image": ya kwanza inatoa faili ndogo lakini muhuri wa bluu unapoteza rangi, na baadhi ya ofisi zinakataa. Kwa cheti chenye muhuri tumia "Image", kisha:

`gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o kidogo.pdf cheti.pdf`

/ebook inashusha picha mpaka nukta 150, /screen mpaka 72. Kwa /screen namba ndogo za cheti zinaanza kufifia, ikuze uzisome kabla ya kutuma. Kuunganisha kurasa tumia PDF Arranger, kuandika juu ya fomu ya PDF tumia Xournal++.

Mteja akileta barua ya karatasi anataka ichapwe upya: `ocrmypdf -l swa+eng --deskew skani.pdf matokeo.pdf`, kisha nakili maandishi kutoka PDF. Hapa skani iwe nukta 300, chini ya hapo inakosea. Herufi za mashine ya chapa ya zamani inazisoma kwa shida, mwandiko wa mkono sahau.

#25 Msomaji_Mkongwe
Kwa kazi za Kiswahili LibreOffice ina kamusi ya tahajia. Tafuta "swahili" kwenye Synaptic, weka ya hunspell, kisha Tools > Options > Languages and Locales (au Language Settings) uchague Kiswahili kwa hati. Bila hivyo kila neno lina mstari mwekundu, na mchapaji anazoea kupuuza mistari hata ile ya makosa ya kweli.

Kazi hii ina historia hapa kwetu. Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la OpenOffice.org lenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ni tawi lililochipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010. Inasikitisha kwamba steshenari nyingi hazijawahi kuliona jina hilo.

#26 Bahati_Njema
Natoka kidogo nje: #1 anasema Windows 10 imeachwa. Si kabisa. Kuna masasisho ya nyongeza ya usalama kwa watumiaji wa kawaida mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kujiandikisha na akaunti ya Microsoft. Wenye programu ya hesabu isiyokubali Linux wanao muda wa kujipanga. Na ukiziacha Windows na Linux diski moja, saa itakosea kwa saa tatu kila ukibadilisha mfumo, maana Windows inaandika saa ya hapa na Linux inaandika UTC (saa ya kimataifa). `timedatectl set-local-rtc 1` inatuliza.

#27 Mwanakarakana
Nimepata vingi, asanteni. Turudi kwenye CV. `fc-match Aptos` imejibu DejaVu Sans. Lakini kisanduku cha fonti kinaonyesha Calibri kwenye aya nyingi. Ctrl+L imepunguza mistari michache, ukurasa wa tatu bado upo.

#28 Mtambuzi_wa_Fonti
Docx ni zipu. Ifungue ndani:

`unzip -p cv.docx word/document.xml | grep -o 'w:ascii="[^"]*"' | sort | uniq -c`
`unzip -p cv.docx word/theme/theme1.xml | grep -o 'latin typeface="[^"]*"'`
`unzip -p cv.docx docProps/app.xml`

Ya kwanza inataja fonti zilizoandikwa wazi na mara ngapi. Ya pili inataja fonti za mandhari, ambazo ya kwanza haizioni. Ya tatu inasema programu iliyoihifadhi mara ya mwisho.

#29 Mwanakarakana
Ya kwanza: Calibri nyingi, Arial kidogo. Ya pili: Aptos Display na Aptos. Ya tatu inataja WPS Office, si Word.

#30 Mtambuzi_wa_Fonti
Aptos kwenye mandhari, ndiyo vichwa vya habari na pengine majedwali. Fonti, kama nilivyosema.

#31 Kijani_Kibichi
WPS ya simu! Mteja ameihariri kwenye simu. Hapo visanduku vya maandishi vinasogezwa na kila programu inavihesabu kivyake. Fonti haihusiki sana.

#32 Pwani_Tulivu
Na mistari iliyopungua kwa Ctrl+L imetoka wapi? Sababu zinaweza kuwa zaidi ya moja kwenye faili moja, jamani.

#33 Nyuki77
Karatasi yake ni ipi? Bado hajasema. Format > Page Style.

#34 Mwanakarakana
Letter. Na pembeni ni sentimita 1.27.

#35 Nyuki77
Haya.

#36 Kitasa
Kabla hamjaanza upya: mwambie mteja aifungue kwenye Word ya kompyuta aliyotumia kwanza, File > Options > Save, aweke tiki "Embed fonts in the file", ahifadhi, atume tena. LibreOffice inasoma fonti zilizopachikwa. Kurasa zikirudi 2, hoja ya fonti inashinda. Zikibaki 3, fungua ileile kwa ONLYOFFICE, kisha uweke hapa picha za skrini za zote mbili, ukifuta jina na namba ya simu ya mteja. Na kwa leo, kama anaisubiri hapo kaunta, aitoe PDF kwenye simu yake akutumie hiyo.